Jibu la Adabu, Je, Ni Uongo?

Juma moja la kiangazi alinijia ofisini msichana anayesomea shahada ya uzamili katika afya ya jamii. Jina lake silitaji, wala chuo chake, kwa sababu mtakayoiona mbele. Alikuwa na daftari mbili. Aliziweka mezani pangu zikiwa zimefungwa, akasema: "Padre, daftari hii ya kwanza nadhani yote ni uongo, na hii ya pili ni kweli. Lakini mwalimu anazitaka zote mbili, nami sijui nimtendeeje yule bibi." Nikamwambia aketi anieleze toka mwanzo.

Yeye ni mzaliwa wa bara, na alikuwa ametumwa pamoja na wenzake kufanya mazoezi ya somo katika kata ya Mabawa, mjini Tanga. Somo lenyewe ni lile waliitalo utafiti wa maelezo. Wengi wetu tukisikia neno "utafiti" twafikiri habari za darubini, damu katika vichupa, na tarakimu. Utafiti huu ni wa namna nyingine. Mwanafunzi hujifunza kuketi na watu, kuwauliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au siyo, kusikiliza, kuandika neno kwa neno yaliyosemwa, kisha kuyasoma tena na tena hata aone watu wale wanayatazamaje maradhi yao na matibabu wanayopewa. Siku hizi hufundishwa Muhimbili, Moshi, Bugando na penginepo, na vijana wengi wa jamaa zetu hulipitia somo hili wakiwa njiani kuwa waganga wakuu wa wilaya, wauguzi, au watumishi wa wizara. Wapo wanaolidharau. Nilipata kumsikia daktari mmoja akisema kwamba maongezi ya barazani hayahitaji shahada. Nadhani hakupata kukaa barazani kwa kusikiliza.

Kazi ya msichana huyu ilikuwa kuwauliza watu wazima wanakumbuka nini juu ya vidonge vya matende na mabusha vilivyogawiwa katika mkoa wa Tanga tangu mwaka 2004. Watu wa pwani wayajua maradhi haya, walakini kwa ajili ya wasomaji wa mbali yafaa nieleze. Huletwa na minyoo myembamba kama nyuzi, ambayo mbu huichukua kutoka damu ya mtu mmoja na kumpelekea mwingine. Baada ya miaka, mguu huvimba na kuwa mzito kama gogo, au mwanamume hupata busha asiweze kwenda baharini wala shambani. Dawa mbili, ivermektini na albendazoli, zilitolewa bure mara moja kwa mwaka, kwa wagonjwa na kwa wazima pia. Wazima walipewa kwa kuwa mtu aweza kuwa na vijidudu damuni asijisikie kuumwa, na shabaha ilikuwa mbu akose cha kubeba. Mgawaji, mtu wa mtaa uleule aliyejitolea, alipita na fimbo ya kupimia kimo, maana hesabu ya vidonge hutegemea urefu wa mtu. Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba katika kila watu 100, wasipungue 65 wanaomeza kila mwaka, kwa muda wa miaka mitano au zaidi. Chini ya hapo, kazi yaweza kuwa bure.

Siku ya kwanza mwanafunzi wetu alibeba karatasi yenye maswali yaliyopigwa chapa. Aliwauliza watu wazima kumi na wawili, na wote walisema walimeza. Mmoja wao alikuwa bibi mwenye umri wa miaka sabini hivi. "Ulipata dawa, bibi?" "Nilipata." "Ukameza?" "Nilimeza, mwanangu." "Kila mwaka?" "Kila mwaka." Akapewa chai na andazi, akaaga.

Mwalimu wao alikuwa amewaagiza warudi mara ya pili bila karatasi. Alimkuta bibi anakuna nazi, akaomba amsaidie, akakalia mbuzi. Wakazungumza juu ya bei ya samaki, na wajukuu, na jirani aliyehamia Pongwe. Kitambo kilipita, ndipo bibi mwenyewe akasema: "Vile vidonge ulivyoniuliza juzi, sikuvimeza. Nilivitia kwenye kopo la majani ya chai, hata leo sijui kama vimo." Msichana akauliza kwa nini. Bibi akamweleza pasipo haya kwamba kijana aliyegawa ni mtoto wa shoga yake. Kama angemkataa, kijana angelaumiwa na wakubwa kuwa hakufanya kazi. Basi alivipokea, akasema atameza akishakula, naye kijana akaandika kwamba amemeza, maana jua lilikuwa linakuchwa na daftari ilitakiwa. "Tena mimi sikuwa naumwa. Mwenye mshipa ni mume wangu, na katika wote waliopita hapa hakuna aliyeuliza juu yake." Msichana akasema: "Sasa bibi, mbona juzi uliniambia ulimeza?" Bibi akacheka. "Juzi ulikuja na karatasi, mwanangu. Nikaijazia karatasi yako upate kwenda zako."

Ndipo akawa na daftari mbili.

Msomaji aweza kusema kwamba bibi mmoja si ushahidi. Kweli. Lakini wilaya za Pangani na Muheza zi jirani na mji wa Tanga, na huko wataalamu wawili, Melissa Parker na Tim Allen, walichunguza jambo hilihili, wakatoa makala mwaka 2013 juu ya ugawaji wa dawa toka 2004 hata 2011. Walisoma daftari za vijiji, wakawauliza watu wazima, wakakaa nao na kuona wanavyoishi. Waliona kwamba mahali walipochunguza walio wengi ama hawakupata dawa ama waliikataa, na kwamba hesabu za taarifa za serikali zilikuwa juu kuliko hesabu iliyotoka vinywani mwa watu. Sababu walizozitaja si ujinga tu, kama tupendavyo kusema tukiwa mjini. Watu waliiogopa dawa. Waliwashuku wageni waliotoa kitu bure. Hawakuelezwa vya kutosha kwa nini mzima ameze. Wengine walikuwa na ugomvi wa zamani na viongozi wao. Tena wagawaji na wakubwa wao walisukumwa watoe habari njema. Pale Morogoro mwaka 2008 mambo yalifika mbali zaidi: watoto wa shule walipopewa dawa ya kichocho, wazazi walishikwa na hofu, ghasia zikatokea.

Siandiki haya niwavunje moyo waliotumika katika kazi ile. Marehemu Mwele Malecela, aliyeanza utumishi katika kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1987 na kufariki mwaka 2022, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupigana na matende, na wilaya nyingi za nchi yetu zimeacha kugawa dawa baada ya vipimo kuonyesha kuwa maambukizo yamepungua. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mahali ambapo daftari imesema watu wamemeza, nao hawakumeza, mbu hasomi daftari.

Sasa twaja kwenye swali la msichana. Je, bibi alisema uongo? Na kama alisema, ni kosa la nani?

Mtakatifu Agostino aliandika vitabu viwili juu ya uongo, akakaza kwamba uongo wo wote ni kosa, hata ule unaosemwa ili kumwokoa mtu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alimfuata. Aliugawa uongo katika mafungu matatu, wa kudhuru, wa mzaha, na wa kusaidia, na huu wa kusaidia, ijapokuwa aliuona mdogo, hakuuhesabia haki. Kwao, kiini cha uongo ni kunena kinyume cha yale uliyo nayo moyoni. Tukipima kwa kipimo hicho, bibi ameanguka.

Walakini tuyatazame maneno yenyewe mahali yaliposemwa. Mpita njia akipita uani watu wanakula, huambiwa "Karibu chakula", hata kama sufuria imebaki ukoko. Naye hujibu "Ahsante, nimeshiba", hata kama ana njaa. Hakuna aliyedanganyika. Kila mmoja ajua mwenzake amesema nini: wa kwanza amesema "sisi si watu wa kukuficha chakula", na wa pili amesema "nami si mtu wa kuwapunguzia". Neno la adabu ni kama sarafu ya nchi. Thamani yake yajulikana na wote wanaoitumia. Ndiyo maana Agostino mwenyewe hakuyahesabu maneno ya mzaha kuwa uongo, kwa kuwa sauti na uso wa msemaji vyaonyesha wazi kwamba hataki kudanganya.

Basi kijana mgawaji alipopokea lile "nitameza nikishakula", alielewa. Shoga wa mama yake alikuwa anamsitiri. Shida yaanza pale sarafu hiyo inapovushwa mpaka. Kijana ameandika "amemeza". Daftari imekwenda kwa mtendaji, kutoka kwa mtendaji imekwenda wilayani, kutoka wilayani imekwenda Dar es Salaam, na kutoka huko Geneva. Njiani adabu imedondoka, imebaki tarakimu. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kudanganya, na mwisho wake kuna udanganyifu mkubwa ambao hauna mwenyewe.

Sitaki kumtakasa bibi kupita kiasi. Msichana wa bara hakuijua desturi, na bibi angeweza kuliona hilo. Hata hivyo bibi alidhani, na sidhani kama alikosea sana, kwamba aliyekuja na karatasi alitaka karatasi ijae. Ni mara ngapi amejaziwa mtu karatasi, na hakuna aliyerudi kumwambia imefanya kazi gani?

Tena sisi wazazi na walezi tuna sehemu yetu. Twawafundisha watoto kwamba kumwambia mkubwa "hapana" ni utovu wa adabu. Mtoto huyo akikua, akampeleka mwanawe kliniki, muuguzi akamwuliza "Umeelewa?", atajibu "Nimeelewa", naye hakuelewa hata nusu. Kisha atarudi nyumbani na kumpa mtoto dawa kwa kukisia.

Msichana alinieleza neno moja la somo lao lililonifurahisha na kunitia mashaka pamoja. Wanafundishwa kwamba mtafiti aendelee kuuliza mpaka ashibe, yaani mpaka watu wapya wasilete neno jipya, hapo aache. Lakini daftari yake ya kwanza ilishiba siku ya kwanza! Watu kumi na wawili, jibu moja. Alikuwa ameshiba adabu. Kama mwalimu asingaliwarudisha, angaliandika kwamba Mabawa yote ilimeza, akapata alama nzuri, na pengine miaka kumi baadaye angeketi katika ofisi kubwa akiamini maneno yake.

Kanuni ile ya kushiba ilitoka Marekani, kwa Barney Glaser na Anselm Strauss, ambao kitabu chao cha mwaka 1967 kingali kinafundishwa. Kabla ya hapo, mwaka 1965, walikuwa wametoa kitabu kingine juu ya watu wanaokufa hospitalini. Walikuwa wamekaa katika wodi za hospitali za upande wa San Francisco, ambako Strauss alifundisha katika shule ya uuguzi, wakitazama na kusikiliza. Waliona hali kadha wa kadha. Mojawapo ni hii: mgonjwa ajua kwamba anakufa, muuguzi ajua, na kila mmoja ajua kwamba mwenzake ajua, hata hivyo wote wawili wazungumza habari za kesho na za kurudi nyumbani. Kama ungalimpa muuguzi yule karatasi yenye swali, "Je, mgonjwa wako anajua hali yake?", angalijibu nini? Somo hili, basi, lilikutana na jibu la adabu kitandani pa mtu anayekufa, na watafiti wale hawakumwita mtu mwongo. Waliuliza ni nani anayelindwa na maneno yale, na kwa gharama gani.

Hapa kwetu pwani, kusikiliza namna hiyo kulileta faida ambayo haisahauliki. Katika miaka ya tisini, huko Bagamoyo, Makemba, Winch na wenzao walikusanya maneno ambayo wazazi huyatumia wakizitaja homa, na mwaka 1996 wakayatoa. Daktari akisema "malaria", aliweka ndani yake homa ya kawaida na mtukutiko wa mtoto pia. Mama wa Bagamoyo aliposema "homa ya malaria", hakuwa na maana hiyo. Mtukutiko ulikuwa degedege, ugonjwa mwingine kabisa, uliosemekana kuletwa na shetani mwenye umbo la ndege. Tiba yake ya kwanza ilikuwa kwa mganga wa kienyeji, na sindano iliogopwa kwamba humwua mtoto. Sasa fikirini: mabwana afya walipita wakihubiri kwamba malaria hutibiwa hospitali, na akina mama wakaitikia "ndiyo" kwa moyo mweupe, bila uongo wo wote. Kisha mtoto aliposhikwa na degedege, walimpeleka kwa mganga, nao hawakuvunja neno lao. Pale hapakuwa na adabu iliyoficha kitu, ila pande mbili zilitumia neno moja kwa mambo mawili, na aliyelipa ni mtoto. Hakuna hesabu ambayo ingaligundua jambo hilo, maana swali lenyewe lilikuwa limekosea kabla halijaulizwa.

Kwa hiyo nilimjibu msichana hivi. Daftari ya kwanza si uongo bado. Ni maneno ya adabu, na yeye aliyapokea kwa nia njema. Lakini tangu siku ile alipokalia mbuzi na kusikia yaliyomo kwenye kopo, hana ruhusa tena ya kuyahesabu kama hesabu. Akiyapeleka mezani kwa mwalimu kwamba "watu 12 walimeza", uongo utakuwa wake yeye, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye.

Alikubali upesi, kwa kuwa hilo alikuwa amekwisha kuliona mwenyewe. Lililomsumbua ni la pili. Akiandika kweli, yule kijana je? Wanafunzi hawa hufundishwa kubadili majina, na ni sheria njema. Tangu tamko la madaktari wa dunia nzima lililotolewa Helsinki mwaka 1964, imekubaliwa kwamba mtu anayechunguzwa si chombo, na hapa nchini utafiti wa afya kwa watu wataka kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Lakini kubadili jina kwaweza kumficha mtu wa Tanga asitambulike Mwanza, si Mabawa kwa Mabawa. Ukiandika "mgawaji kijana, mtoto wa shoga wa msemaji", mtaa mzima watamnyoshea kidole. Sisi mapadre mzigo wetu katika hili ni mwepesi: twasikia, twanyamaza, basi. Yeye asikia ili aseme. Sikuwa na kanuni ya kumpa kutoka kwetu.

Nilichomwambia ni kwamba maneno yale hayajawa yake. Bibi aliyasema kwa mtu aliyekuwa anamkunia nazi, hakuyasema kwa chuo. Arudi akamwombe.

Alirudi mara ya tatu. Alimweleza bibi wazi kwamba mazungumzo ya siku ile yalikuwa sehemu ya masomo, na kwamba kama hataki, kurasa zile zitachanwa mbele yake. Nakiri niliogopa kwamba bibi angekasirika. Alikaa kimya kidogo, akasema: "Yangu andika, mimi ni mzee, nani atanifanya nini? Ya mtoto usiandike." Msichana akamwuliza kama aweza kuandika tu kwamba baadhi ya wagawaji waliona aibu kurudi na daftari yenye mapengo. Bibi akafikiri, akasema hayo si ya mtoto mmoja, hayo ni ya wote, andika.

Kwa hiyo kazi aliyoipeleka ilikuwa na upungufu, na alisema wazi kwamba ina upungufu na kwa nini. Sehemu ya yule kijana aliiacha. Wenzake wengine walimwambia ameharibu habari iliyokuwa nzuri kuliko zote. Sijui mwalimu alimpa alama gani, sikuuliza.

Kabla hajaondoka siku ile ya tatu, bibi alimwuliza swali lake mwenyewe: huo upasuaji wa mshipa, siku hizi wafanyika Bombo, na mtu aende siku gani? Msichana hakujua. Kesho yake asubuhi alikwenda Bombo akauliza, akarudi Mabawa na jibu limeandikwa kwenye kipande cha karatasi, siku na mlango wa kuingilia. Mzee alikuwa amekaa kizingitini. Alikisoma, akakikunja, akakitia mfukoni mwa shati.